Si Kila Akimbiaye Hukimbizwa

Katika Kiswahili mtu akimbiaye hushukiwa kabla hajaulizwa. Neno kukimbia limebeba maana mbili, kwenda mbio na kutoroka, na katika masikio ya wengi maana ya pili imeilemea ya kwanza. Mkimbizi si hodari wa mbio, bali ni mtu aliyefukuzwa kwao; kimbilio si uwanja wa michezo, bali ni mahali pa kujisalimisha na hatari. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye mvi za kwanza aonekanapo alfajiri akipanda mlima mbio, na nyuma yake hapana mnyama mkali wala askari, wamwonao humtafutia sababu. Wapo wadhanio kuwa amefiwa. Wapo wadhanio kuwa amefilisika. Na wapo, nao ndio wengi, wasemao kwa kicheko kuwa huyu ni mtu mzima hovyo.

Dhana hiyo ni kosa, wala si kosa la kuchekesha. Imewaketisha vitini watu wengi wa makamo waliokuwa na nguvu bado, na wengine maradhi yamewakuta hapo hapo walipoketi. Yafaa ipingwe kwa hoja, moja baada ya moja, na yafaa ipingiwe mahali panapojulikana, si hewani.

Kwashemshi, katika Wilaya ya Korogwe, ni mahali pa namna hiyo. Kijiji kimekaa chini ya Milima ya Usambara ya Magharibi. Upande mmoja ni nchi ya mashamba ya mkonge, mmea ulioletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Upande wa pili ardhi huinuka ghafula, na njia hupanda kuelekea Bungu na Dindira, na kwenye mashamba ya chai ya Ambangulu. Mji wa Korogwe uko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Ambangulu imepita mita 1,000. Mtu atokaye chini akafika penye chai amebadili hewa, udongo na mimea katika asubuhi moja. Kando ya barabara ya magari viko vijia vya miguu, vilivyochimbwa na nyayo za watu waendao sokoni, shambani, shuleni na mazikoni. Mbio zinazotetewa hapa ni mbio za vijia hivyo: kupanda, kushuka, kuvuka kijito, kuruka mzizi, na kutembea penye ukali usiokimbilika. Hazina kiwanja, hazina kiingilio, wala hazihitaji mtazamaji.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ya heshima. Husema kuwa mbio ni za watoto na vijana. Mtu mzima mwendo wake ni wa taratibu, na methali zashuhudia: mwenda pole hajikwai, na haraka haraka haina baraka. Hoja hii ina sauti nzuri kuliko maana yake. Methali hizo zaonya juu ya pupa, hazikuharamisha jasho. Mtu wa miaka 45 apandaye mlima hana nafasi ya pupa, kwa kuwa mlima wenyewe humnyang'anya katika hatua mia za kwanza. Na kama ushahidi ni wa methali, iko nyingine imfaayo zaidi: kutangulia si kufika.

Tena lugha iliyomtia mkimbiaji mashakani kwa neno moja imemtetea kwa neno jingine. Michezo ya mbio huitwa riadha. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni kumfuga na kumzoeza mwana farasi mkaidi mpaka akubali lijamu. Kisha likatumiwa kwa mazoezi ya mwili, na kwa mazoezi ya nafsi pia. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka ndani ya Ihya kitabu kizima juu ya riadha ya nafsi. Basi, ni nani ahitajiye riadha ya namna hiyo kuliko mtu wa makamo? Kijana huzoezwa na wazazi na walimu, na mchakamchaka wa shule humwamsha apende asipende. Mtu mzima hana wa kumshika hatamu ila yeye mwenyewe, na aghalabu ameziachia.

Wapinzani hao hao wa heshima hawachoki kumtaja John Stephen Akhwari, na wana haki. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, Akhwari alianguka akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliofika. Walioanza walikuwa 75. Waliobaki hawakufika kabisa. Kwa kitendo hicho taifa zima limejifunza kusema kuwa kumaliza ni ushindi. Lakini karani wa miaka 48 afikapo juu ya mlima nyuma ya watu wote, akihema, taifa hilo hilo humcheka. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, shangwe zilikuwa kubwa, na wengi wa washangiliaji walikuwa wameketi mbele ya televisheni. Kumshangilia Simbu ni haki yake. Kudhani kuwa mbio zake zatosha kwa mapafu ya wote ni upuuzi.

Hoja ya pili ni ya ugeni: kwamba kukimbia milimani ni mchezo wa Wazungu waliokosa kazi. Ajibuye hoja hii hana haja ya kwenda mbali. Simon Mtuy, mtu wa Kilimanjaro, alipanda mlima huo mpaka kilele cha Uhuru na kushuka kwa saa 9 na dakika 21 mnamo Februari 2006, akijibebea mwenyewe chakula na maji yake. Haikumlazimu aulize ruhusa ya mgeni apande mlima wa nyumbani kwao. Mgeni ameleta viatu vya bei kubwa na fulana za rangi kali. Njia, mlima na miguu alivikuta.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya kazi. Mkulima, husema, ashinda na jembe kutwa. Nguvu za kukimbia atazitoa wapi, na kwa faida gani? Hapa hapana budi kukubali ukweli. Mwanamke ashukaye kutoka Bungu na mkungu wa ndizi kichwani, akapanda tena jioni na unga na mafuta ya taa, hahitaji mtu wa kumfundisha faida ya mlima. Mvunaji wa mkonge aliyeinama tangu alfajiri hahitaji kuambiwa ainuke akimbie. Anayewahubiria hao mbio hajui asemalo.

Lakini Kwashemshi ya leo si ya wakulima peke yao. Wapo walimu, makarani, wauza maduka, mafundi cherehani, madereva wa malori na vijana wa bodaboda. Hao ni watu wa kukaa. Na hata mkulima mwenyewe, njia aliyoipanda babake kwa miguu siku zote, yeye sasa aipanda juu ya pikipiki mara nyingi kadiri mfuko umruhusuvyo. Pikipiki ni neema, hasa kwa mgonjwa na mjamzito, na hapana mwenye akili atakaye iondolewe. Lakini kila neema ina hesabu yake. Mwili uliozoea kupanda umeacha kupanda, na chakula hakikupunguzwa kwa kadiri hiyo.

Hesabu hiyo imekwisha kuandikwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kiasi cha robo yao wana shinikizo kubwa la damu, na kama 9 katika kila 100 wana kiwango kikubwa cha sukari mwilini. Uchunguzi mwingine, uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, ulionyesha kuwa kiharusi katika Dar es Salaam, tofauti za umri zikisha kusawazishwa, kilizidi kiwango cha nchi nyingi tajiri. Watu walizoea kusema kuwa hayo ni maradhi ya matajiri. Sasa mwalimu wa shule ya msingi, asiyekuwa na gari wala shamba la maana, huanguka akiwa na miaka 52, na waombolezaji huulizana ni nani aliyemroga.

Uhusiano wa kukaa na maradhi ya moyo haukugunduliwa jana. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitoa matokeo ya kuwalinganisha madereva wa mabasi ya London, waliokaa kutwa, na makondakta wao, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Makondakta walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache zaidi, na walipopatwa hawakufa upesi kama madereva. Morris alikuwa mwaminifu. Mwaka 1956 alionyesha kuwa madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipopewa sare zao za kazi, kwa hiyo kiti peke yake hakikuwa mkosaji wa pekee. Lakini uchunguzi wa miaka mingi iliyofuata umeuthibitisha msingi wa maneno yake. Kwashemshi haina basi la ghorofa, lakini ina madereva na makondakta wa namna ile: mwanamke wa ndizi apandaye, na karani akaaye.

Sasa ni haki kueleza msimu mmoja wa mbio hizi una nini ndani yake, maana wanaozikataa hawajauona, na baadhi ya wanaozisifu wameupamba kupita kiasi.

Msimu huanza vyema mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha, na baridi ya kipupwe imeshuka mpaka bondeni. Jambo la kwanza lipatikanalo ni aibu. Mtu aliyekuwa mshindi shuleni miaka 30 iliyopita hugundua kuwa kilima cha kwanza chamshinda. Hapo wengi huacha, kwa kuwa wanaona kutembea ni kushindwa. Sivyo. Penye mteremko mkali, mwendo wa kutembea hugharimu nguvu chache kuliko mbio, na hata mabingwa wa milimani hutembea. Jambo la pili ni maumivu, nayo hutoka katika kushuka zaidi ya katika kupanda. Mapaja yajizuiapo kushuka hunyoshwa huku yakibeba uzito wa mwili, na siku ya pili mtu hushindwa hata kuketi. Maumivu hayo, mtu akishuka tena kwa kiasi, hupungua kila mara.

Hatari yenyewe huja mwezi wa Julai na Agosti, mambo yaonekanapo kuwa mazuri. Moyo na mapafu huitikia mazoezi kwa majuma. Kano na mifupa hudai miezi. Mtu wa makamo ahisipo pumzi yake imerudi huzidisha safari, na kano ya kisigino humkatalia. Kijana husamehewa deni hilo kwa siku tatu. Mwenye miaka 45 hulilipa kwa miezi mitatu. Hapa ndipo riadha iwapo kweli ufugaji wa nafsi: kujizuia siku ambayo mwili wajigamba.

Kisha huja Septemba na Oktoba, joto la tambarare likiongezeka, na mwenye kutaka mlima hana budi kuondoka kabla ya jua. Vuli ikianza, udongo mwekundu hugeuka utelezi, na siku nyingi hupotea. Wala si mvua peke yake izipotezayo. Umri wa makamo ndio umri wa misiba ya wazazi, ada za watoto, harusi za wapwa, na wagonjwa wa kupelekwa hospitali. Mtu wa umri huo hana siku iliyo yake. Mwezi mmoja huweza kupita asipande hata mara moja, na akirudi hukuta nusu ya alichokipata kimepotea.

Inapofika Januari na Februari, mavuno ya msimu huonekana, nayo si makubwa machoni pa watu. Kilima kilichomsimamisha mara nne mwezi wa Juni sasa chapandwa bila kusimama. Mapigo ya moyo wakati wa kupumzika yamepungua. Usingizi umerudi. Wengine huenda Moshi kukimbia kilomita 21 katika mbio za Kilimanjaro, zilizoanza mwaka 2003. Wengine hawaendi popote. Lakini hapana aliyerudishiwa ujana. Kasi ya juu kabisa ya mapigo ya moyo hushuka kwa umri, afanyaye mazoezi na asiyefanya. Na uwezo wa mwili wa kutumia hewa hupungua kama sehemu ya kumi kwa kila miaka kumi, ila kwa mwenye mazoezi hupungua polepole zaidi. Mwaka 2004, nchini Kanada, Ed Whitlock alikimbia marathoni kwa muda usiofika saa 3 akiwa na miaka 73. Mfano wake haumwahidi kila mtu mwendo ule. Wafundisha tu kuwa ukingo wa uwezo uko mbali kuliko palipowekwa kiti. Mbio za makamo ni mbio za kushindwa polepole. Mwenye kukaa naye hushindwa, lakini kwa haraka.

Wapo wasemao kuwa jambo hili ni la hatari kwa moyo. Kwa mtu asiyezoea, akaamka siku moja akataka kufika Ambangulu kwa mkupuo, ni hatari kweli, na haifai kufichwa. Mwenye miaka 40 na zaidi apimwe shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza, aanze kwa kutembea, na asikiapo maumivu ya kifua asimame, aende kwa mganga. Lakini kuifanya hadhari hii kuwa sababu ya kukaa ni kama kukataa kula kwa kuogopa mwiba wa samaki.

Hoja zote hizo zikisha kujibiwa, lawama haziishi, na hilo laonyesha kuwa mzizi wake uko kwingine. Mzizi huo huonekana wazi katika hukumu wanayopewa wanawake. Mwanamke abebaye mkungu wa ndizi mlimani husifiwa kwa nguvu zake. Mwanamke huyo huyo, au dada yake aliye muuguzi au mwalimu, akiutua mzigo akaupanda mlima ule ule mbio kwa ajili ya afya yake, husemwa kuwa hana haya na ameacha kazi za nyumbani. Mlima ni mmoja, miguu ni ile ile, jasho ni lile lile. Lililobadilika ni mwenye kufaidi. Basi lawama haiko juu ya mwendo. Iko juu ya mtu kuwa na saa iliyo yake na nguvu zilizo zake.

Nchi ya mkonge yaijua historia ya jambo hili kuliko nchi nyingine. Katika Usambara, chini ya Wajerumani, ulianzishwa mwaka 1907 utaratibu wa kadi uliomlazimu mtu kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye kipande na manamba vikaendelea kuzihesabu siku za watu. Nguvu za mtu mzima zilikuwa mali ya shamba, na aliyezitumia kwa jambo lake alihesabiwa mvivu au mtoro. Shamba hilo la kulazimishana limekwisha, lakini yamkini hukumu yake imebaki midomoni mwa wajukuu wa wale waliohesabiwa. Mtu apandaye mlima alfajiri, asipelekwe na msimamizi wala asikimbizwe na mtu, amwudhi yule anayeamini bado kuwa nguvu zisizotumwa ni nguvu zilizoibwa.

Haki hii haiji bila wajibu, na wakimbiaji nao wana lao la kukosolewa. Kijia si uwanja mtupu. Mwenye mzigo ana haki ya njia, na mkimbiaji ndiye apaswaye kusimama pembeni. Mbio hazifuti salamu. Apitaye mzee bila shikamoo, kwa kuwa saa mkononi yahesabu sekunde, amestahili kila neno atakalosemwa. Na wale waliogeuza mazoezi kuwa maonyesho ya viatu, fulana na picha, wasiokimbia ila penye medali ya kununuliwa kwa kiingilio, wamewafanya maskini waamini kuwa mbio ni bidhaa. Hao wameidhuru riadha kuliko waliokaa.

Lipi basi lifanyike? Michezo ya watumishi ipo, kama ile ya SHIMIWI, lakini ni ya siku chache katika mwaka, na ya wateule. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Agizo lilikuwa jema, lakini mwili haukariri somo la siku 12 kwa mwaka. Kinachohitajika ni kidogo na cha kila juma. Vijia vya zamani vihifadhiwe na serikali za vijiji, visimezwe na mashamba wala kuzibwa na ua. Zahanati zipime shinikizo la damu la kila mtu wa makamo aingiaye, hata akiwa amekuja kwa ajili ya mtoto. Walimu wanaowakimbiza wanafunzi mchakamchaka huku wameshika fimbo kando waingie katika mstari. Na nyumba impe mama saa yake kama impavyo baba, kwa kuwa kiharusi hakimbagui.

Na wale wasioweza au wasiotaka kukimbia wana jambo moja la kufanya, lisilowagharimu shilingi wala jasho. Wamwonapo mtu mzima akishuka kutoka milimani asubuhi, matope magotini, wasimwulize ni nani anayemkimbiza. Wamwulize njia ikoje huko juu.